Mgeni wa Kila Wiki

Kuku wa Honduras walikufa. Walikuwa wametolewa bure kwa kaya fukara kama mtaji wa kuanzia maisha mapya. Ugonjwa ukapita, mabanda yakabaki matupu. Mfugaji yeyote wa Singida aliyewahi kukutana na mdondo anaweza kuimalizia hadithi hiyo mwenyewe. Ilijulikana duniani kwa sababu kuku hao walikuwamo katika jaribio kubwa lililohusisha kaya 10,495 za Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru. Wachumi walitaka kujua kama mpango uliozaliwa Bangladesh unaweza kuota mizizi kwingine. Matokeo yalitoka Mei 2015 katika jarida la Science, na miongoni mwa walioyaandika walikuwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao mwaka 2019 walitunukiwa Nobeli ya uchumi pamoja na Michael Kremer. Katika nchi tano faida ilizidi gharama. Honduras ilikula hasara.

Kisa hicho husimuliwa sana kwenye semina, na funzo linalotolewa mara nyingi ni dogo: chagueni mifugo inayostahimili magonjwa. Sawa. Lakini nyuma yake lipo swali linaloisumbua kila serikali inayotaka kuuchukua mpango uliofanikiwa kwenye vijiji mia na kuupeleka kwenye vijiji elfu kumi. Ukiuhamisha, ni kipi unaruhusiwa kukibadili, na ni kipi ukikigusa tu mpango unabaki jina?

Fazle Hasan Abed alikuwa mhasibu wa kampuni ya mafuta ya Shell kabla kimbunga cha 1970 na vita vya uhuru vya 1971 havijaigeuza nchi yake juu chini. Aliuza nyumba aliyokuwa nayo London, akarudi, na mwaka 1972 akaanzisha shirika la BRAC kuwasaidia wakimbizi waliokuwa wakirejea vijijini. Baadaye BRAC likawa miongoni mwa wakopeshaji wakubwa wa wanawake maskini duniani, na hapo ndipo watumishi wake walipogundua jambo lisilopendeza: maskini wa mwisho kabisa hawakuwamo kwenye vikundi vya mikopo. Baadhi yao waliliogopa deni. Wengine walikataliwa na wenzao. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha VICOBA, vile vikundi vya akiba na mikopo, hahitaji maelezo. Mama anayeishi kwa kufua nguo za watu haalikwi kujiunga, na si kwa roho mbaya. Wanakikundi wanajua kwamba akishindwa kurejesha, watachanga wao.

Mwaka 2002 BRAC likaja na mpango mwingine usio wa mkopo. Kaya inapewa mali ya kuzalisha, mara nyingi ng'ombe au mbuzi. Inapewa posho ndogo kwa miezi kadhaa, kwa sababu mwenye njaa humuuza ng'ombe kabla hajazaa. Inafundishwa kufuga, inaanzishiwa akiba, inasaidiwa kupata matibabu ya msingi. Na kwa muda wa miaka miwili mtumishi wa shirika anaitembelea nyumbani, wiki baada ya wiki.

Kuwapata walengwa nako ni kazi. Wanakijiji wanakusanyika uwanjani na kukichora kijiji chao chini kwa vijiti: barabara, msikiti, bwawa, kila nyumba na mwenyewe. Kisha nyumba zinapangwa kwa makundi, kuanzia wenye nacho hadi wasio na kitu. Watu wanabishana. Yule ana shamba, lakini amelipangisha. Huyu hana mume, lakini kaka yake yuko mjini. Wakishakubaliana, watumishi wa shirika wanazungukia nyumba za kundi la mwisho kuhakiki kwa macho yao.

Ziara zenyewe hazina maajabu. Mtumishi anafika, anaketi, anauliza ng'ombe amekula nini. Anatazama kinyesi, anatazama kwato, anauliza tarehe ya chanjo. Anafungua daftari la akiba. Anauliza kama choo kimekwisha kuchimbwa, kama binti bado yuko shule au ameanza kutafutiwa mchumba, kama mume aliyeondoka ametuma chochote. Mwanamke ambaye hajawahi kushika kalamu anafundishwa kuandika jina lake. Hayo yakiisha, mtumishi anaondoka kwenda nyumba ya pili. Juma lijalo anarudi, na mama mwenye nyumba anajua kwamba atarudi.

Kwa mtu wa bajeti aliyeko makao makuu, ziara hiyo ni mstari wa gharama, tena mstari mnene: mishahara, mafuta ya pikipiki, wasimamizi wa wasimamizi. Katika zile nchi sita, gharama za watumishi na usimamizi zilikuwa sehemu kubwa ya bei ya mpango, na bei yenyewe ilipishana mno. Ukipima kwa uwezo wa fedha kununua, Pakistan ilitumia karibu mara nne ya India kwa kila kaya. Basi fedha zikipungua, wa kwanza kupunguzwa ni mgeni huyu. Ng'ombe anapigwa picha akikabidhiwa, waziri ameshika kamba. Mazungumzo ya kwenye mkeka hayapigiwi picha.

Nitarudi kwa mgeni. Kwanza ng'ombe.

Kwa nini alifaa Bangladesh? Oriana Bandiera, Robin Burgess na wenzao walifuatilia vijiji 1,309 na kaya zaidi ya 21,000 nchini humo, wakakuta kwamba kwa mwanamke wa kijijini kuna kazi za aina mbili. Maskini anafanya vibarua: kupalilia na kuvuna shamba la mtu, kufanya kazi za ndani kwa watu. Vibarua ni vya msimu, na msimu ukiisha mkono unabaki mtupu. Mwenye nafuu anafuga, na ufugaji una kazi na kipato mwaka mzima. Maskini hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa akiiona kazi ya jirani kila siku na hana cha kuingilia. Alipopewa ng'ombe aliingia, na mapato yake yakapanda kwa asilimia 21.

Sasa upeleke mpango wa namna hiyo Andhra Pradesh, kusini mwa India. Jonathan Morduch na wenzake wawili waliochunguza jaribio lililofanyika huko hawakuona nafuu yoyote ya jumla. Ujira wa vibarua ulikuwa ukipanda, na serikali ilikuwa na mpango wake wa kuwapa watu kazi vijijini. Wanawake waliopokea mifugo walipunguza vibarua ili waihudumie. Walichokipata kwa mifugo wakakipoteza kwa ujira. Wengi waliiuza, wakalipa madeni yao. Hapo hakuna aliyefanya ujinga. Mama aliyeuza ng'ombe akalipa deni lenye riba ya kukaba koo huenda alipiga hesabu vizuri kuliko walioandika mradi. Kilichokosekana ni swali moja kabla ya kuanza: mama huyu Jumatano ya kawaida anafanya nini, na kazi mpya itaiondoa ipi?

Swali hilo ndilo kiini cha kuuzoesha mpango mazingira mapya, na halijibiwi na mtaalamu aliyekuja na ndege kwa siku tatu. Linajibiwa na mtu anayejua kwamba Februari hakuna vibarua, kwamba mnada hukaa Alhamisi, kwamba mbuzi wa jirani hula bustani.

Lipo jambo jingine kuhusu ng'ombe. Mwaka 2022 Bandiera na Burgess, safari hii pamoja na Clare Balboni, Maitreesh Ghatak na Anton Heil, walichapisha utafiti kuhusu kaya zilezile za Bangladesh, walizozifuatilia kwa miaka 11. Walitafuta kama kuna mstari: kiasi cha mali ambacho mtu akiwa chini yake anarudi alikotoka, na akiuvuka anaendelea kupanda kwa nguvu zake. Waliuona, kwenye mali ya uzalishaji yenye thamani ya dola 504 hivi kwa kipimo cha uwezo wa kununua. Waliosaidiwa lakini wakabaki chini ya mstari, mali yao iliyeyuka kidogo kidogo. Waliouvuka walizidi kujijenga. Kwa wengi wao, ng'ombe mmoja ndiye aliyewavusha.

Hapa siasa inapata shida. Ukiwa na fedha za ng'ombe laki moja na kaya maskini milioni moja, kishawishi ni kukata kata msaada ili kila jimbo lipate. Mbunge anataka orodha ndefu, na anayemlaumu mbunge asimame yeye mbele ya mkutano wa hadhara aeleze kwa nini kijiji hiki kimerukwa. Lakini kama mstari ule upo, nusu ya ng'ombe haileti nusu ya matokeo. Inaweza isilete chochote, na baada ya miaka mitatu watatokea wa kusema kwamba maskini hawasaidiki. Msimamo wangu ni kwamba heri kuwapa wachache cha kuwavusha, kisha kurudi mwaka unaofuata kwa wengine, kwa orodha iliyobandikwa hadharani ili kila mtu aione zamu yake. Najua msimamo huo ni rahisi kwa mtu asiyegombea kiti.

Kaskazini mwa Kenya ng'ombe mwenyewe ndiye tatizo. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikashindwa, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya, mingi kwenye kaunti kame. Kumpa ng'ombe mjane wa Marsabit ni kumkabidhi mzigo wa kuomboleza. Shirika la BOMA, linalofanya kazi huko na Samburu kwa miaka mingi, liliamua kuwapa wanawake duka. Wanaungana watatu watatu, wanapewa ruzuku ya kuanzia, kisha ya pili wakionyesha kwamba biashara inaenda. Wanauza sukari, majani ya chai, unga wa mahindi, mafuta ya kupikia, maharage. Watatu kwa sababu mmoja akiuguza mtoto mwingine yuko kwenye banda, na wa tatu amepanda lori kwenda kuleta bidhaa. Halafu kuna hesabu ya kifamilia ambayo mtu wa pwani huenda asiifikirie: kiangazi kikikaza, wanaume huondoka na mifugo kutafuta malisho, na maziwa huondoka nayo. Mama na watoto wanabaki kwenye manyatta bila kitoweo wala senti. Duka linaingiza fedha hasa katika miezi hiyo.

Adui wa duka hilo ni daftari la madeni. Mfugaji hana mwisho wa mwezi. Analipa akiuza mbuzi, na mbuzi huuzika mnada ukikaa na bei ikiwa na maana. Ukimnyima shemeji yako sukari ya mkopo, umeharibu udugu. Ukimpa kila anayekuja, rafu zimekwisha. Hakuna mwongozo uliochapwa unaoweza kumwambia mama wa Kirendile aseme nini hapo. Kinachosaidia ni mshauri anayetoka jamii hiyohiyo, anayezungumza lugha hiyohiyo, anayepita tena na tena, anayepitia daftari pamoja na wale watatu na kuuliza deni la nani limelala. Hapo tunamkuta tena yule mgeni. Ng'ombe ameondoka, posho imebadilika, mtu mmoja mmoja wamekuwa watatu watatu, kijiji cha mpunga kimekuwa nyika. Vilivyobaki ni mtaji wenye uzito na mtu anayerudi.

Rwanda ilikwenda njia nyingine. Mpango wa Girinka, ulioanza 2006, unaipa kaya maskini ng'ombe kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe jirani aliye kwenye foleni. Katika nchi ambako ng'ombe amekuwa kifungo cha urafiki kwa karne nyingi, jirani anayesubiri ndama ana sababu zake za kupita kila siku kuangalia kama majani yamekatwa. Ni ukaguzi usio na mshahara. Sidhani kama ungefanya kazi hivyohivyo Kariakoo.

Tanzania ilianzia kwenye fedha taslimu. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, iliundwa mwaka 2000, na miaka yake ya mwanzo watu waliijua kwa madarasa na zahanati. Kisha ikafanya majaribio ya kuhawilisha fedha kwa masharti katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, nusu yake vikianza kupokea mwaka 2010 na nusu vikibaki vya kulinganishia. Tathmini ya jaribio hilo ni kati ya vitu ninavyopenda kuvirudia, kwa sababu ya udogo wa mambo yake. Watoto wa kaya zilizopokea walikuwa na viatu zaidi. Kaya zilijiunga kwa wingi na Mfuko wa Afya ya Jamii. Mahudhurio ya zahanati yalipanda mwanzoni, halafu yakashuka, kwa kuwa watu walikuwa wanaumwa kidogo kuliko zamani. Na walinunua kuku. Hakuna aliyewaambia wanunue kuku; ni fedha za masharti ya kliniki na shule, lakini wenyewe walizigeuza akiba yenye mabawa.

Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini nchi nzima, na katika miaka michache ukafika kaya zaidi ya milioni 1, Bara na Zanzibar. Kasi hiyo ni ya kustaajabisha. Nchi nyingi zenye fedha zaidi hazijaifikia. Ukitaka kuona ilivyowezekana, tazama mkutano wa kijiji wa kuwatambua walengwa. Kijiji chenyewe kinataja vigezo vya umaskini wake: kaya isiyo na uhakika wa mlo, mzee anayelea wajukuu yatima, nyumba inayovuja. Majina yanaorodheshwa, dodoso linajazwa nyumba kwa nyumba, taarifa zinachakatwa, na orodha inarudi kusomwa mbele ya wote. Hapo ndipo minong'ono inapoanza. Jina la mtu mwenye bati linasomwa. Jina la bibi wa nyumba ya tembe halisomwi, kwa kuwa siku ya dodoso alikuwa msibani wilaya nyingine. Mwenyekiti anaahidi kufuatilia. Nimekaa kwenye mikutano ya vijiji vya kutosha kujua kwamba ahadi hiyo ina maisha mafupi, ingawa pia nimeona majina yakifutwa kwa kelele za akina mama waliosimama bila kupewa nafasi ya kusema.

Fedha ni rahisi kupanuka. Orodha ikishapatikana, kaya ya milioni moja inalipwa kwa utaratibu uleule wa kaya ya kwanza. Ugumu uko kwenye kinachofuata. Kipindi cha pili cha mpango, kilichozinduliwa Februari 2020, kiliongeza uzito kwenye uzalishaji: vikundi vya kuweka akiba, mafunzo ya kuanzisha biashara, ruzuku ya uzalishaji kwa walio tayari, pamoja na ajira za muda za kuchimba mabwawa na kutengeneza barabara za vijijini. Kwa maneno mengine, TASAF ilianza kuelekea kwenye ile njia ya Bangladesh. Na hapo ndipo swali la mgeni linapouma, maana mama aliyepewa ruzuku ya kuanza kuuza vitumbua anamhitaji mtu wa kuzungumza naye pale mtaji unapoanza kuliwa na ada ya shule.

Ni nani huyo? Kijijini kuna mtendaji, ambaye ana michango, migogoro ya mipaka na wageni wa wilaya. Kuna afisa ugani, mara nyingi mmoja kwa vijiji kadhaa. Kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wawezeshaji wa mpango hutoka halmashauri, nao wana kazi zao nyingine mezani. Zamani siku ya malipo iliwakusanya walengwa mahali pamoja. Walingoja zamu, waliulizana habari za mbegu, muuguzi akipata nafasi alisema neno kuhusu lishe. Malipo yalipoanza kupita benki na kwenye simu, foleni ikapungua, wizi ukapata njia finyu, bibi hakulazimika kutembea na fedha mkononi. Ni hatua njema, sitaki kuibeza. Lakini kila hatua ya namna hiyo inaondoa sababu moja ya mtu wa serikali kumwona maskini ana kwa ana, na sababu hizo hazikuwa nyingi.

Habari njema ni kwamba mgeni anaweza kupunguziwa gharama bila kufukuzwa. Niger imeonyesha. Kikundi cha watafiti wakiongozwa na Thomas Bossuroy kilichapisha mwaka 2022, katika jarida la Nature, matokeo ya mpango ulioendeshwa na serikali yenyewe juu ya msingi wa fedha ambazo kaya tayari zilikuwa zikipokea. Wanawake walikusanywa kwa vikundi vya akiba, wakapata mafunzo na ushauri humo humo kikundini. Baadhi waliongezewa ruzuku ya mkupuo ya faranga 80,000. Wengine waliongezewa kitu ambacho mtu wa hazina angekicheka: filamu inayoonyeshwa kijijini na mjadala baada yake, waume na wakwe wakiwamo, pamoja na mafunzo ya kujiamini na kupanga malengo. Wengine walipata vyote viwili. Njia zote ziliinua maisha ya kaya, na ile ya filamu na mafunzo, iliyokuwa nafuu kuliko zote, ilifanya vizuri mno kwa bei yake. Mwanamke ambaye mumewe na mama mkwe wameketi wakajadiliana hadharani kuhusu biashara yake harudi nyumbani kuanza kuomba ruhusa upya.

Kwenye wilaya ya Kamwenge, magharibi mwa Uganda, kuna makazi ya wakimbizi ya Rwamwanja, ambako Kiswahili kinasikika kila kona kwa sababu wengi wanatoka Kongo. Huko walijaribu ushauri wa mtu mmoja mmoja nyumbani dhidi ya ushauri wa kikundi, kwa wakimbizi na wenyeji. Wa kikundi haukuachwa nyuma, na uligharimu kidogo. Kwa hiyo si lazima mgeni aketi kwenye kila mkeka. Lazima aje, na lazima kuwe na watu wanaomngoja. Mradi huo ulilipiwa na USAID. Shirika hilo lilifungwa na serikali ya Marekani mwaka 2025, na pamoja nalo ikakatika mifereji mingi ya fedha za aina hii Afrika Mashariki. Kama kazi itaendelea, itaendelea kwa bajeti za serikali zetu, yaani kwa watumishi tulionao.

Jimbo la Bihar nchini India limefika mbali zaidi katika hilo, na lilianza kwa sababu isiyotarajiwa. Mwaka 2016 jimbo lilipiga marufuku pombe. Kaya nyingi maskini zilikuwa zikiishi kwa kugema na kuuza tembo na pombe ya kienyeji, na usiku mmoja riziki ikawa kosa la jinai. Mwaka 2018 serikali ya jimbo ikaanzisha mpango wa Satat Jeevikoparjan Yojana, ikichukua njia ya BRAC, na ikauweka ndani ya mtandao mkubwa wa vikundi vya akina mama ambao tayari ulikuwapo. Vikundi hivyo ndivyo vinavyomtambua mlengwa. Washauri wanaajiriwa kutoka maeneo hayohayo. Umefikia kaya zaidi ya laki moja. Sisi vikundi tunavyo: VICOBA, vyama vya akiba vya Kenya, vikundi vya TASAF vyenyewe. Tunachokosa ni nafasi ya kazi ya kudumu, yenye posho inayojulikana, ya binti wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne na anayeweza kupita kwenye kaya ishirini au vikundi vitano kwa wiki. Serikali ikitangaza nafasi kama hizo, waombaji watafika kabla ya wino kukauka.

Matokeo ya muda mrefu yanapaswa kutupunguzia majigambo. Huko West Bengal, watafiti waliorudi baada ya miaka 10 walikuta kaya zilizosaidiwa bado ziko mbele kwa chakula, mapato na afya. Sehemu ya kilichozibeba haikuwa mifugo tena. Ilikuwa fedha zilizotumwa na watoto waliokwenda kufanya kazi mbali. Nchini Ethiopia, baada ya miaka saba, tofauti kati ya waliosaidiwa na wasiosaidiwa ilikuwa imefifia. Mtu anaweza kununuliwa ng'ombe, akashauriwa vizuri, akauvuka ule mstari, na bado akazungukwa na uchumi usio na basi la kwenda mjini wala kiwanda mwisho wa safari. Mpango wa kaya hauwezi kujenga barabara. Wanaouuza kama jibu la kila kitu wanauumiza.

Na kuna magonjwa. Ukizungumza na watu waliopanda kisha wakashuka, mara nyingi simulizi inapita wodini: mbuzi wanne waliuzwa kwa upasuaji mmoja. TASAF sasa huwatangaza walengwa waliohitimu, wale ambao hali yao imeimarika kiasi cha kutolewa kwenye orodha, na hilo ni haki kwa wanaosubiri nje. Ila orodha nyingi zina mlango wa kutokea tu. Aliyehitimu mwaka jana na kuvunjika mguu mwaka huu anasubiri hadi utambuzi mwingine wa nchi nzima, ambao unaweza kuchukua miaka. Bunge lilipitisha muswada wa Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na sheria inaitaka serikali igharamie wasio na uwezo. Ili iwagharamie, lazima iwajue kwa majina, mwezi huu, si kwa dodoso la miaka mitano iliyopita. Hiyo ni kazi ya mtu anayepita nyumbani kwao.